Sebule ya Mviringo

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi ya vigae sebuleni kwa mama mkwe! Ikipendeza, jiko na bafu navyo ni vyangu. Nikiboronga, anaitwa Timazi, yule fundi jirani anayetembea na uzi wa kupimia hata msibani. Miaka sita mama mkwe ananiita mume wa binti yangu. Safari hii ataniita fundi. Uzi wa nini? Nina jicho.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Mistari ya vigae imeondoka dirishani imeachana vizuri, imefika mlangoni imekutana. Mama mkwe kauliza mbona kigae cha mwisho kama kipande cha keki. Nikamwambia ndiyo mtindo. Akaguna tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeokoka! Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafundisha hisabati. Kasema ile kanuni kuwa mistari sambamba haikutani ni sharti tunalolikubali tu tangu mwanzo. Ukianza na sharti jingine unapata jiometri nyingine, halali kabisa. Akachora kwenye chungwa: mistari miwili imepanda wima kutoka kiunoni, ikakutana kwenye kikonyo. Nusura nilibusu lile chungwa! Mbio kwa mama mkwe kumweleza kuwa sijakosea, nimetumia jiometri nyingine. Akajibu kuwa chungwa ni la mviringo, sebule yake siyo.

Alhamisi, 7 Machi
Basi na iwe ya mviringo! Mama mkwe yuko kwa dada yake hadi Jumamosi. Nimebandua vigae vyote, nimetunisha saruji katikati, nimepanga upya. Sasa mistari inakutana kihalali. Mke wangu kachungulia, kashika kichwa, kaondoka. Hisabati hawezi, maskini.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kakaa, kiti kikaserereka naye mpaka ukutani, kikombe mkononi. Nikawahi kumweleza kuwa jumla ya pembe za pembetatu yoyote humu ndani sasa inazidi digrii mia na themanini. Hakufurahi. Kamwita Timazi. Timazi kaja na uzi wake, kakitazama kilima changu, kakaa chini akacheka. Mke wangu naye kacheka. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 10 Machi
Nimemsikia mama mkwe akisema fundi karibu chai. Nikaruka kitini! Kumbe anamwambia Timazi.
Shemeji kanionea huruma. Kasema ipo jiometri nyingine tena, ambayo mistari yake huzidi kuachana, ila hiyo inataka sakafu iliyopinda kama tandiko la farasi. Nimefikiri sana. Bafu tayari limebonyea kwenye tundu la maji, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika. Timazi anaanza na bafu kesho saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa ndani na sururu. Uzi sibebi.