Turbo kwenye Lori la Marehemu Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe ametangaza leo mbele ya familia nzima, chai ikiwa bado ya moto. Lori la marehemu mumewe litapata dereva Jumamosi. Atakayelipandisha mlima wa machimbo likiwa limejaa mawe, bila kusimama, atakabidhiwa ufunguo. Washindani ni mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Mtu wa kuomba ruhusa hata akitaka kupiga chafya. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Marehemu hakuwahi kunipa usukani hata siku moja. Alisema nina haraka ya kuku. Tutaona!

Lori linanizidi umri, lakini tangu mwezi uliopita lina turbo, niliyoichomoa mwenyewe kwenye basi bovu. Shida ni moja tu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, linakohoa na kukata pumzi.

Jumanne, 4 Juni
Nimelipeleka kwa fundi. Ni mwanamke, mtaa mzima unamwita Spana, na hacheki ovyo. Akafungua boneti, akaguna. Akasema turbo inasukuma hewa tele, lakini pampu ya petroli ni ileile ya ujana wa marehemu. Injini ina njaa. Inataka pampu ya umeme, mipira mipya ya kupitishia petroli, na kidhibiti presha: kidude cha kupunguza petroli injini ikitulia, na kuiongeza pale turbo inapopamba moto. Kukifunga na kukipima ni kazi ya asubuhi nzima.

Asubuhi nzima! Nimechukua pampu na mipira, kidude nikamwachia. Kitu chenyewe ni saizi ya limau. Limau linipangie maisha?

Alhamisi, 6 Juni
Nimefunga pampu mwenyewe. Nikawasha. Petroli ikabubujika juu ya kabureta kama chemchemi! Nikazima mbio. Mke wangu akatokea mlangoni, akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikasema manukato mapya. Akaanua nguo zake kwenye kamba, kisha akaleta ndoo ya mchanga na kuiweka miguuni pangu. Hayo ndiyo mapenzi.

Dawa nimeipata kabla ya chakula cha mchana. Nimeubana mpira wa petroli kwa plaizi, na plaizi nikaifunga kwa waya. Halidondoki hata tone. Spana na limau lake!

Ijumaa, 7 Juni
Nimepakia. Chini makreti matupu, juu safu moja ya mawe. Kwa mbali ungesema tani tano.

Mama mkwe hakutazama kwa mbali. Miaka thelathini alikaa kiti cha pembeni cha lori hili. Akainama, akachungulia springi, akazikuta zimestarehe kama ziko likizo.

“Baba,” akaniambia, “mawe yako haya yana mbawa?”

Mwanyumba akakohoa ndani ya kiganja. Nimepakia upya, safari hii mawe matupu. Mgongo hauna hali.

Jumamosi, 8 Juni
Mimi kwanza. Mama mkwe pembeni, mkoba mapajani. Spana nyuma yetu kwa pikipiki, mwanyumba amepakiwa, amekumbatia begi la vifaa. Kona ya kwanza, raha. Ya pili, raha! Ya tatu ndipo mlima unaposimama. Nikakanyaga mpaka chini. Turbo ikapiga mluzi, lori likaruka mbele, likakohoa mara mbili, kimya. Tukaanza kurudi kinyumenyume! Mama mkwe akavuta breki ya mkono kabla sijakumbuka iko wapi.

Spana akafungua boneti, akaiona plaizi. Akauliza kwa upole ni nani aliyemkaba mgonjwa koo. Injini ilitaka petroli maradufu, nami nilikuwa nimeibana nusu. Akatoa kile kidude mfukoni. Mfukoni! Alikuja nacho! Mwanyumba akampokeza vifaa kama muuguzi. Wakamaliza jua likiwa utosini.

Mama mkwe akaamuru lori lirudi chini, zamu ya mwingine. Mwanyumba akapanda kwa gia ya kwanza, pole pole, hadi kileleni, bila kusimama. Kwa pampu yangu! Kwa turbo yangu! Mimi nimepanda kwa miguu. Nilipofika, mama mkwe alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisema lori halijaimba hivyo tangu marehemu aondoke. Nikajifanya nahesabu mawe.

Jumatano, 12 Juni
Mwanyumba amekuja kuniomba radhi kwa kushinda. Huyo ndiye yeye. Akaongeza kwamba lori sasa likiteremka lina kasi ya kutisha, na breki zinashika kwa kuchelewa. Spana ameahidi kuzifumua zote Ijumaa.

Ijumaa! Breki tu! Nimemwambia mwenye ndugu hasubiri fundi, aniachie lori mchana huu. Akauliza, kwa adabu zake, kama ninazijua breki. Nimecheka sana. Nina waya, nina misumari, na nina wazo.