Fomu Niliyoiacha Wazi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeanza shajara. Mtu mwenye mipango mikubwa lazima aandike, la sivyo watu watasema ilikuwa bahati tu.

Hali ilivyo: nimestaafu miezi mitano iliyopita. Miaka thelathini na mmoja masjala ya wizara. Kupokea mafaili, kugonga mihuri, kuwaambia watu warudi kesho. Akiba yangu yote ipo kwenye mfuko wa watumishi wa serikali. Kila mwisho wa mwezi wananitumia kiasi, wakishakata kodi yao kidogo. Tunakula, tunalipa umeme, hatudaiwi na mtu.

Shida ni goti la mke wangu. Anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, kutwa nzima, na ikifika jioni goti limevimba. Yeye hasemi kitu. Nasikia tu anavyoshuka ngazi za baraza. Hatua moja, kimya, hatua nyingine. Inaniuma.

Nimeiona cherehani ya umeme dukani. Nilipotajiwa bei ilibidi nikae kwenye kiti cha wateja. Lakini nitainunua! Itakuwa siri mpaka siku ya kuileta.

Fedha ninazo, zipo kwenye ule mfuko wa watumishi. Ila ukitoa kwa mkupuo wanakata kodi ya zuio asilimia ishirini kabla hujaziona. Ishirini! Yaani unanunua cherehani, kabla hujafika mlangoni mtu amekwisha kung'oa gurudumu.

Nimemuuliza jirani yangu, Bwana Senti, mhasibu mstaafu. Akasema hakuna njia ya kuikwepa. Alisema hivyo huku anatabasamu, ndiyo maana simwamini. Mtu huyu tulipokuwa kazini alinirudishia ombi la posho mara tatu kwa sababu ya senti hamsini. Jina hilo nilimpa mimi.

Nimesoma kijitabu cha mfuko mara mbili. Ukurasa wa kumi na tisa, maandishi madogo: kiasi kidogo sana hakikatwi kodi ya zuio. Haya! Nitatoa kidogo kidogo, mara kumi na mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Bwana Senti atajua hajui.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Asubuhi nilifika ofisi za mfuko na fomu kumi na mbili. Nimezijaza kwa kalamu tofauti, zisionekane kama zimetoka mkono mmoja.

Binti wa dirisha la tatu alizisoma zote. Zote! Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama jina lililo kwenye fomu hizi kumi na mbili ni la mtu mmoja. Nikakiri. Akasema ruhusa ni mara moja kwa mwezi, akanirudishia kumi na moja, ile ya kumi na mbili akaniuliza kama bado naihitaji. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walianza kukohoa. Nikasema siihitaji.

Miezi kumi na miwili! Kwa goti lile?

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikakaa, nikafikiri kama mtu wa masjala. Na wazo likaja lenyewe.

Masjala inakufundisha jambo moja: fomu iliyokamilika inakwenda zake, hakuna anayemwita mwenyewe. Fomu yenye pengo lazima mwenyewe aitwe. Anaketishwa, anaulizwa, mnaelewana. Nimeona wakubwa wangapi wakiacha wazi palipo pagumu, kisha wanakuja wenyewe kuzungumza na kupata nusu ya walichotaka! Pengo ni mlango wa mazungumzo.

Kwa hiyo nimechukua fomu ya kutoa fedha. Nimejaza jina, namba ya mtumishi, kila kitu kwa mwandiko wangu mzuri wa jalada. Lakini sehemu ya kiasi, wazi. Sehemu ya kiwango cha kodi, wazi. Wataniita. Nitavaa koti.

Imebaki sahihi ya mwenzi. Hapa nilitumia busara. Nilimwambia mke wangu kwamba ni ile karatasi ya kuthibitisha kuwa bado niko hai. Alikuwa na pini mdomoni. Akaniangalia juu mpaka chini, akatia sahihi, akaendelea na kola yake. Roho ilinisuta kidogo. Ila ni uongo wa heri.

Saa tisa na nusu fomu imepokelewa dirisha la kwanza, nimemkwepa yule binti. Imeingizwa kwenye mashine inayofanana na ya kutolea nakala. Sikupenda ile sauti.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwisha!

Saa mbili asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu. Nilidhani ndiyo naitwa. Nilikwenda kuvaa koti kabla sijausoma. Kisha nikausoma. Ombi lako la kutoa salio LOTE limepokelewa. Kodi ya zuio: asilimia ishirini. Malipo yako ya kila mwezi yatasitishwa.

Nikakaa kitandani na koti langu.

Nikakimbilia dirisha la tatu. Binti akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto wa darasa la kwanza. Siku hizi hakuna anayeita mtu. Mashine inasoma. Ukiacha kiasi wazi, mashine inaelewa unataka kila kitu. Ukiacha kodi wazi, inakata kiwango cha kawaida. Imeandikwa nyuma ya fomu. Nikageuza fomu. Kweli imeandikwa. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kusoma nyuma ya fomu, kazi yangu ilikuwa kugonga muhuri mbele.

Akiba ya miaka yote hiyo! Sehemu moja ya tano inakwenda mara moja, na kila mwisho wa mwezi hakuna kitu tena. Tutaishi kwa kola za shule na goti moja.

Nikamuuliza kama inaweza kufutwa. Akasema inaweza, kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri, kwa njia moja tu: mwenzi wangu afike yeye mwenyewe, na kitambulisho chake, aondoe ridhaa yake.

Mwenzi wangu. Yule niliyemwambia ni karatasi ya uhai.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga kusema. Nikamkuta anampima mtoto wa jirani suruali. Akaniuliza mbona nimevaa koti kwenye joto hili. Nikasema najisikia baridi. Akanipa dawa ya homa, nikainywa. Mchana akasema anatoka kwenda kununua uzi. Nikashukuru Mungu, maana sikuweza kumtazama usoni.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeamua kutomsumbua mke wangu. Fomu niliipeleka mimi, nitaitoa mimi.

Ninaijua masjala yoyote duniani. Karatasi inayoingia leo inakaa kwenye trei siku tatu kabla mtu hajaigusa. Kinachotakiwa ni kuingia, kuichomoa, kutoka. Na mtu aliyebeba faili kwapani, akatembea haraka na uso wa hasira, haulizwi na mtu yeyote. Nimeishi kwa siri hiyo miaka mingi.

Nilivaa koti, tai, na kitambulisho changu cha zamani nilichokigeuza picha ndani. Kwapani faili la bili za maji. Mlinzi alinipigia saluti! Nilitaka kulia kwa furaha. Nikapanda ghorofa ya pili, nikafuata korido, nikaona kibao mlangoni: MASJALA. Moyo ukatulia. Nikasukuma mlango.

Ndoo. Fagio. Mashine ya maji ya kunywa iliyoharibika. Na mama mfanya usafi aliyekaa kwenye kiti akila andazi.

Nikamuuliza mafaili yako wapi. Akasema yaliondolewa mwaka juzi, sasa yote yamo kwenye kompyuta. Na kompyuta iko wapi? Hajui, labda mji mwingine. Trei je? Akanionyesha. Ilikuwa na sabuni za vipande.

Sijui kwa nini machozi yalinilenga. Si kwa sababu ya fedha pekee. Nilisimama pale na faili langu la bili za maji, nikatazama rafu tupu zenye namba zake bado zimebandikwa, moja mpaka mia mbili. Kuna mtu alizibandika kwa mkono, zikanyooka sawasawa. Yule mama akanipa kiti. Akanikatia nusu ya andazi, nikala.

Nilipotoka mlinzi akanipigia saluti tena. Sikuweza kuijibu.

Jioni mke wangu aliniuliza mara mbili kama kuna jambo nataka kumwambia. Mara mbili! Nikasema hapana. Akasema sawa. Ile sawa yake sikuipenda hata kidogo.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa saba mchana nimeshindwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilikwenda kwenye chumba cha cherehani, nikakaa kwenye rundo la vitambaa, nikamwambia yote. Fomu kumi na mbili. Karatasi ya uhai ambayo si ya uhai. Salio lote. Asilimia ishirini. Chumba cha mafagio. Hakuacha kukanyaga. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akaniuliza fedha zote hizo nilikuwa nazitakia nini. Nikasema cherehani ya umeme. Kwa ajili ya goti.

Hapo ndipo aliacha kukanyaga.

Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suruali. Kisha akaniambia mimi ni mtu mwema na sina akili, vyote viwili kwa pumzi moja. Kwamba kama ningemuuliza, angeniambia kuna mota ndogo inauzwa peke yake, fundi anaifunga kwenye cherehani hii hii kwa nusu saa. Bei yake? Akataja. Haifiki hata malipo yangu ya mwezi mmoja!

Nikamwomba tuwahi, saa tisa inakaribia. Akasema nisiwe na wasiwasi, anavaa viatu. Alivaa viatu polepole mno. Akabadilisha kilemba. Njiani akasimama kuwasalimia watu wanne. Mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Dirisha la tatu. Saa nane na dakika arobaini. Binti akainua kichwa, akatabasamu, lakini si kwangu. Akamwamkia mke wangu shikamoo mama, akamuuliza goti linaendeleaje.

Linaendeleaje?

Kumbe ujumbe ule wa Jumatano ulikwenda kwenye simu mbili. Mwenzi naye hutumiwa, ndio utaratibu, na huo nao umeandikwa nyuma ya fomu. Alikuja hapa mchana ule ule, siku ya uzi. Ridhaa aliiondoa, ombi likafutwa. Tangu Jumatano mambo yalikuwa yamekwisha! Na akaniacha nivae tai, nipigiwe saluti, nile andazi la watu.

Nikamuuliza mbele ya foleni yote kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa ananisubiri nimwambie mimi.

 

Na leo kumbe alikuja kwa jambo jingine. Tukajaza pamoja fomu ndogo: malipo ya mwezi yaongezwe kidogo tu, na sehemu ya kodi tuchague wenyewe kiwango kinacholingana na kipato chetu, tusiache wazi. Alisoma kila mstari kwa sauti. Akasoma na nyuma. Kabla ya kutia sahihi akanitaka ahadi: jambo lolote la fedha za mfuko, namuuliza kwanza. Nikaahidi. Binti akawa shahidi. Nilimaanisha kila neno, nikamshika mkono wakati wa kushuka ngazi.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Mota imefungwa jana. Fundi alitumia dakika ishirini na tano. Mke wangu ameshona sare sita bila kukanyaga hata mara moja, goti limewekwa juu ya stuli kama mgeni wa heshima. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mwaka juzi. Nilikaa mlangoni nikasikiliza, nikafurahi kupita kiasi.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimekuwa mtu mwingine.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bwana Senti amepita kunipa pole, habari zimemfikia. Nilimwacha aseme. Katika kusema, ameropoka jambo ambalo sidhani kama mwenyewe analielewa uzito wake.

Anasema kodi ya zuio haipotei. Ni malipo ya mbele tu. Mwaka ukiisha unapiga hesabu na watu wa kodi, na kama walikata kupita unachostahili kulipa, wanakurudishia. Kilichozidi chote!

Nilimuuliza mara tatu. Chote? Chote.

Basi mbona watu wanahangaika kukatwa kidogo? Wakate nyingi! Kile kisichofika mkononi hakiliwi. Unakatwa mwaka mzima, Desemba inapita, serikali yenyewe inakuja kukulipa wewe kwa mkupuo! Kijitabu kinasema kwenye malipo ya mwezi mstaafu anaweza kuchagua kiwango chochote anachotaka. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mwisho ni ishirini, wala hamsini.

Kwa fedha hizo nitamnunulia mke wangu cherehani ya pili, na ya tatu. Atafungua duka. Ataajiri watu, yeye aimbe tu.

Fomu ya kubadilisha kodi ipo hapa mezani, na hii haidai sahihi ya mwenzi. Safari hii sijaacha pengo hata moja. Kiwango cha kodi: asilimia mia moja. Mwandiko umenyooka vizuri sana. Nimegeuza na nyuma pia, nikaona maandishi ni mengi.

Na ahadi ni deni. Nitamuuliza mke wangu kwanza, kama nilivyoapa mbele ya shahidi. Nitamuuliza mara tu nikirudi kutoka kuipeleka.