Pikapu ya Kijani Kutoka Wasso

Mvuke uliokuwa ukitoka kwenye boneti ya ile pikapu ya kijani ulionekana tangu karibu na soko la Karatu. Remigius alikuwa kwenye mgahawa wa Brigita anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyesikia kengele ya misa.

Remigius alijiita fundi. Hakuna aliyejua alifundishwa na nani, na magari aliyowahi kuyagusa yalikuwa ushahidi tosha kwamba hakufundishwa na mtu. Alikuwa na ovaroli safi mno, spana sita na mdomo, na riziki yake ilitoka kwenye mdomo. Gari likichemsha kwa sababu mkanda wa feni umelegea, yeye alitangaza kwamba silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka. Likichemsha kwa sababu mfuniko wa rejeta umechoka, hedi imepasuka, pole sana ndugu yangu. Mwenye gari akishakata tamaa, Remigius alimwonea huruma na kulichukua kama chuma chakavu. Baada ya siku mbili gari lilikuwa barabarani linang'aa, tena lina mwenyewe mpya. Mjane mmoja wa Mbulu alimwachia gari la marehemu mumewe kwa namna hiyo, na inasemekana bado anamwombea kila Jumapili.

Pikapu ilisimama mbele ya mgahawa, ikakohoa, ikazimika. Akashuka mama wa makamo, shuka la zambarau begani, shanga shingoni.

"Takwenya, mama!" alisema Remigius, na hapo Kimaasai chake kikawa kimeisha.

"Iko. Wewe ndiye fundi?"

"Watu ndivyo wanavyosema."

Mama akajitambulisha. Aliitwa Naisenya, alikuwa na duka la dawa za mifugo Wasso, na alikuwa ametoka huko tangu alfajiri kupitia hifadhini. Kwenye kile kilima cha kupanda ukingo wa kreta, gari lilikuwa limechemsha mara tatu.

"Nimeinywesha maji kama ndama," alisema. "Inakunywa tu, haishibi."

Remigius alisubiri injini ipoe huku akitikisa kichwa kwa majonzi, kisha akafungua boneti. Moyo wake ukapiga vigelegele. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, unaning'inia kama mshipi wa mlevi. Rejeta yenyewe ilikuwa imezibwa mbele kwa nyasi na matope makavu, hewa ingepita wapi? Kazi ya nusu saa kwa mtu yeyote mwenye mikono miwili. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa safi, mpya kabisa, rangi ya asali.

Fundi halisi angejiuliza kwa nini gari lililotelekezwa namna ile limebadilishwa oili juzijuzi. Remigius alimshukuru Mungu.

Akampa mama mgongo. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na kichupa chenye oili aliyoitikisa na maji hadi ikawa kama chai ya maziwa. Akachovya kijiti humo, akageuka na uso wa kutangaza msiba.

"Unaona hii, mama yangu? Maji yameingia kwenye oili. Hedi imepasuka, na injini yote imekwenda nayo."

"Haiponi?"

"Ya kutupa."

Naisenya akashika shavu. Remigius akamwachia muda wa kuumia, maana aliamini kwamba fundi mwenye adabu hamharakishi mfiwa.

"Sasa mimi nitarudije kwangu?"

"Ndiyo hapo. Ila mimi huruma itaniua. Naweza kuichukua, nitapata milango na matairi. Sema unataka nini."

Mama akatazama huku na huku kama mtu asiyejua mji. Macho yake yakatua kwenye pikipiki nyekundu iliyoegeshwa kivulini. Ilikuwa ya Remigius, haijamaliza mwaka, na ndicho kitu pekee maishani mwake alichokipata kwa njia halali.

"Nipe ile."

"Mama! Pikipiki nzima kwa mzoga wa gari?"

"Basi acha. Nitamwita fundi mwingine naye atazame."

Fundi mwingine! Fundi mwingine angeuona mkanda akiwa bado ng'ambo ya barabara. Remigius alikubali kwa haraka, akachomoa ufunguo wa pikipiki mfukoni.

"Lakini andika," alisema Naisenya. "Andika kwamba injini imekufa, na wewe unajua imekufa. Sitaki mtu wa kunifuata Wasso na kelele."

Remigius aliandika kwa herufi kubwa, kwa raha ya mtu anayeandika barua ya uchumba. Brigita akatia saini kama shahidi. Alikwisha kutia nyingi za namna hiyo, na hakuwa na swali. Kabla ya saa kumi pikipiki ilikuwa juu ya lori la mahindi linalokwenda Wasso, na Naisenya amekaa mbele kando ya dereva, ametulia kama anatoka kliniki.

Jioni hiyo Remigius alikaza mkanda, akaipiga rejeta maji kwa nje mpaka nyasi zote zikatoka, akajaza maji, akawasha. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, ukakaa hapo kwa adabu. Akacheka peke yake. Kisha akampigia simu Qamara, mfanyabiashara wa maharage wa Rhotia, mtu wa maneno machache aliyekuwa anatafuta gari la kubebea mzigo.

Asubuhi, siku mbili baadaye, Qamara alikuja, akaizunguka pikapu mara mbili, akapakia magunia sita.

"Twende Rhotia," alisema. "Ikipanda na mzigo, tunaongea."

Tambarare walikwenda vizuri, na Remigius alisifu gari kwa sauti kubwa. Walipouanza mlima, mshale nao ukaanza kupanda. Remigius akaongeza sauti.

"Usiiangalie geji hiyo, inapenda tu kutisha watu!"

Nyuma yao moshi mweupe ukafunika barabara. Injini ikagonga mara tatu, kama mgeni mlangoni, ikanyamaza.

Qamara alifungua mlango. Alishuka, akangoja injini ipoe, akafungua boneti mwenyewe, akachomoa kijiti. Chai ya maziwa. Safari hii hakuna aliyekichovya popote. Akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akaingiza kidole, akatoa kitu cheupe kilichoganda na punje nyeusi.

"Yai," alisema. "Yai na pilipili manga. Mtu ameziba ufa wa hedi, akabadilisha na oili, ili gari ifike mjini."

Remigius akakunjua nakala yake ya ile karatasi, yenye namba ya Naisenya. Akapiga simu Wasso. Naisenya alipokea, na nyuma ya sauti yake pikipiki ilikuwa inanguruma.

"Mama, gari hii ni mbovu!"

"Si uliniambia mwenyewe, fundi?"

"Ulijua!"

"Mwezi uliopita fundi wa huku aliniambia hedi imepasuka. Sikumwamini, nikaona nije kwa mtaalamu wa mjini. Na wewe ukasema vilevile, hata hukubabaika. Nikasema, kweli watu hawa wamesoma."

"Na mkanda? Nani aliulegeza ule mkanda?"



"Mkanda gani, fundi? Mbona mimi hukunitajia habari ya mkanda wowote?"

Remigius akaufunga mdomo, ule ule uliomlisha miaka yote. Simu ikakatika.

Qamara alikwisha kusimamisha gari jingine, magunia yake yakahamishwa. Kabla hajaondoka alimwonea Remigius huruma, huruma ya kweli, akamwitia jirani yake aliyekuwa anarudi kutoka kulima na jozi ya maksai. Mnyororo ukafungwa kwenye bampa, Remigius akakaa kwenye usukani, na pikapu ikaanza kupanda mlima wa Rhotia kwa mwendo wa ng'ombe. Magari ya watalii yalipunguza mwendo. Mgeni mmoja alitoa nusu ya mwili juu ya paa, akapiga picha nyingi, akawapungia mkono maksai.

Hatua mia mbili mbele, mwenye ng'ombe akasimamisha msafara, akaja dirishani.

"Shuka, fundi. Unawachosha ng'ombe."

"Na usukani?"

"Nitashika mimi. Wewe nenda nyuma ukasukume."

Remigius akashuka, akakunja mikono ya ovaroli yake safi, akasukuma.