Mkwe Wangu Aliyepotea Kati ya Kasulu na Kibondo

Japhet Shekwavi,
Afisa Mifugo,
Kasulu.
Septemba 2014

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MKWE

Pokea heshima zangu, ambazo nimezitafuta kwa taabu. Naandika kwako wewe Evaristi, mhariri wa picha za harusi hapa mjini, wala si kwa mhariri wa gazeti. Mhariri wa gazeti hukosea herufi. Wewe umekosea mtu.

Mwezi Julai binti yangu Elieth alifunga ndoa na Nathaniel katika kanisa la Heru Juu. Ulipiga picha, ukazihariri, ukatuita tukaziangalia kwenye kompyuta yako, tukaridhika. Hapo mtu mwenye akili zake angetutolea DVD tukaenda zetu. Wewe ukasema picha bado mbichi, sharti ziende Kibondo kwa mwenzako Niyibizi mwenye programu ya rangi, kisha zirudi kwako. Nikauliza kwa nini kitu kilichokwisha kipandishwe basi. Ukanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mzee kuwasha taa, kwamba programu ya kuhariri na programu ya rangi ni mbili tofauti, na kwamba kuvihamisha vipande vya video kutoka moja kwenda nyingine ndio utaalamu wenyewe.

Sasa utaalamu nimeuona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rangi. Binti yangu amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na shela lake jeupe limekuwa la buluu kama shati la shule lililozidishiwa buluu ya kufulia. Milima ya Heru Juu, ambayo Julai huwa imekauka, imegeuka kijani kibichi. Mimi kazi yangu ni mifugo, majani nayajua. Wafugaji wakiiona DVD hiyo watahamishia ng'ombe huko, na lawama zitaangukia ofisi yangu.

2. Mwendo. Ulipotuonyesha mara ya kwanza, maharusi waliingia ukumbini polepole, kwa madaha, hata mama Elieth akafuta machozi. Waliporudi kutoka Kibondo wanaingia mbio, na wasimamizi wao nyuma, kama watu walioambiwa basi linaondoka. Ulisema ule upolepole haukuvuka kutoka programu moja kwenda nyingine. Madaha ya mwanangu yameachwa wapi, ndugu? Au basi limeyapitiliza hadi Kakonko?

3. Mkwe. Hapa naomba uketi. Katika DVD yetu, Elieth anamvisha pete Nathaniel, mume wake halali. Kisha anakata keki, ananyoosha mkono kulisha, na mdomo unaofunguka ni wa mwanamume mwingine kabisa, mrefu, mwenye mwanya, na anaitafuna keki yetu kwa furaha. Nilipokuja dukani kwako ulinitazama usoni ukasema, "Mzee, picha zimegongana majina." Eti kamera yako na kamera ya Niyibizi zote huviita vipande vyake kwa majina yaleyale, na programu ya rangi, ilipotafuta vipande vya harusi yetu, ikaokota vyenye majina hayo kutoka harusi aliyoipiga Niyibizi huko Murungu, Kibondo, bwana harusi akiitwa Marselino. Yaani mashine imekuta watu wawili wenye jina moja, ikamchukua wa karibu. Hata karani mlevi humuuliza mtu jina la baba yake.

Kabla sijaiona mwenyewe, nilikuwa nimekwisha kutuma nakala kwetu Lushoto, kwa ndugu ambao hawakuweza kusafiri. Ukoo mzima umeiangalia. Dada yangu Asnath alipiga simu, akanisalimu vizuri, akauliza habari za mvua, ndipo akasema, "Kaka, mume ni yule aliyevishwa pete au yule aliyelishwa keki?" Nilipomjibu kuwa ni wa pete, alisema wazee wamempenda zaidi wa keki. Nathaniel alikuwa ameketi karibu yangu na simu ile ina sauti kubwa. Tangu siku hiyo hajala kwangu.

4. Hotuba. Nilisimama siku ile kumuaga mwanangu. Mimi si mtu wa maneno mengi, na yale machache yalinitoa machozi mbele ya watumishi wenzangu. Katika DVD sauti ni yangu, inatetemeka, inambariki Elieth. Lakini picha ni ya mwenyekiti wa kijiji cha watu, ameinua beseni la plastiki anatangaza zawadi. Na mimi mwenyewe, nimeambiwa, nimewekwa mahali pake katika DVD ya Murungu, nalia kwenye harusi ya watu nisiowajua, bila mwaliko wala mchango.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba moja kati ya haya. Ama urudie kazi yote na Niyibizi asiisogelee. Ama, kwa kuwa mnaona ni rahisi kubadilisha watu kuliko mafaili, Marselino aletwe Kasulu na Nathaniel apelekwe Murungu, ndoa zifanane na DVD zake, na wewe na Niyibizi mkawaeleze wachungaji. Kwa vyovyote vile, nataka DVD zote za Murungu zikusanywe na uso wangu uondolewe humo. Machozi yangu hayakuwa ya kuazimwa.

Wasalimie mkeo na majirani wote wa pale dukani. Msalimie na Niyibizi, kwa rangi yoyote atakayoipenda.

Mimi niliyeharibiwa sherehe,
Japhet Shekwavi

N.B. Barua hii ilikuwa bado mezani nikitafuta mtu wa kuileta, wakafika wageni kutoka Murungu: Marselino wa keki, na mkewe Rosa. Walielekezwa kwangu na Niyibizi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Wao wakashusha ndizi na asali. Nathaniel aliitwa, akamtazama Marselino, Marselino akamwomba radhi kwa keki, wakacheka, wakala pamoja.

Rosa alifiwa na baba yake akiwa mtoto mchanga, wazazi wakiwa bado katika kambi ya wakimbizi. Siku ya harusi yake hakusimama mtu mahali pa baba. Alisimama mwenyekiti na beseni. Anasema alipofungua DVD akaona mzee amesimama hapo, anamtazama mtu na kulia. Hakisikiki kitu isipokuwa mabeseni na mashuka yanavyotajwa, lakini ameirudia sehemu hiyo mpaka deki ikaanza kukwama. Aliniita "Data", kama wanavyomwita baba kwao, akauliza, "Pale ulikuwa unasema nini?"

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti, nikayasema yote upya, nikiweka jina lake.

DVD yake usiiguse.