Kijito Kilichotunyang'anya Fungate

Maore, Same

Kwa Mjomba Zephania,
Mwenye Nyumba ya Wageni,
Pangani.

Mpendwa Mjomba, shikamoo.

...na hapo ndipo simu yako ilipokatika, kwa hiyo naendelea kwa maandishi. Ulikuwa ukiniuliza kama tulifurahia fungate. Siwezi kukuficha: nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote waliowahi kushuka kutoka milima ya Upare, na kwa siku nne katika ufuko wako sikupata kutembea naye kando ya bahari hata mara moja. Nilikuwa nimenunua gauni la njano kwa ajili ya matembezi hayo tu. Kwa heshima zote naleta malalamiko yangu, si kama mpwa, bali kama mgeni aliyelala chumba namba tatu.

1. Tangazo lako linasema "bahari, mchanga na utulivu". Halisemi popote kwamba nyuma ya jiko pana kijito cha maji baridi kinachotiririka mchana kutwa na kuingia baharini bila kumwagilia hata mche mmoja wa mchicha. Mjomba, wewe ni mtu wa Gonja, Upare kwetu. Unajua kabisa jambo kama hilo linamfanya nini mwanamume aliyelelewa kwa zamu za maji. Mume wangu Sifael alikitazama kama mtu anayeona maziwa yakimwagika. Kabla ya chai alikuwa ameshaomba chepe.

2. Bahari yako haina kamati ya kugawa zamu za maji. Mume wangu alijenga ndiva, bwawa lenye ukingo wa mawe na udongo kama yale tunayohifadhia maji huku kwetu, pale pale kijito kinapokutana na mchanga. Jioni bahari ikajaa, ikaubomoa ukingo wote, wala haikuuliza ni zamu ya nani. Mpishi wako Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, shemeji, hapo unapojenga ndipo bahari inapolala. Sifael akamjibu kwa upole kwamba basi bahari ijifunze kulala kwake. Kesho yake akaanza upya, hatua tano juu zaidi. Hazikutosha.

3. Siku ya tatu, kwa kuwa huku kwetu ndiva haijengwi na mtu mmoja, alipiga sufuria alfajiri kuita msaragambo. Wageni wote wakatoka mbio wakidhani kuna moto. Aliwaeleza kwamba hii ni kazi ya pamoja, ni ya lazima, na asiyefika hunyimwa maji. Yule mzee wa Uholanzi, aliyekuja kupumzisha mgongo, alibeba mawe hadi saa sita mchana, na mkewe akapewa usimamizi wa matope. Hakuna aliyeota jua. Kisha Mwanaidi akawapikia makande ya nazi. Makande, kwa nazi! Naomba iandikwe kwamba nililipinga jambo hilo kwa kula sahani mbili.

4. Gauni la njano nililivaa. Sasa lina rangi ya udongo.

5. Kwa hiyo naomba ufuko wako uhamishiwe Same mjini. Nimelifikiria sana. Mchanga tunao, jua tunalo, upepo wetu unaweza kumvua kofia mtalii yeyote, na pale tambarare hakuna kijito cha kumshawishi mume wa mtu. Kinachokosekana ni bahari tu, na kwa ushahidi nilioutoa, bahari ndiyo chanzo cha matatizo yote. Ukishindwa, basi nirudishiwe siku zangu nne, zikiwa kavu, pamoja na mume asiye na chepe.

Msalimie Mwanaidi, umsalimie mzee wa Uholanzi na mgongo wake, na yeyote aliyebeba hata jiwe moja. Nasubiri uamuzi wako kwa utii na mapenzi tele.

Mpwa wako, mke wa mtu tangu majuma matatu yaliyopita,

Hedwiga

N.B. Sifael ametoka kwenda shambani, kwa hiyo naweza kukiri. Kile kijito nilikiona mimi. Asubuhi ile ya kwanza alikuwa amelala fofofo, amechoshwa na harusi, nikamvuta mkono aje aone maji yanavyopotea. Mjomba, nilipomwona matope yamemfika kwenye nyusi, ananicheka huku nami nateleza, nilijua sikukosea mtu. Usihamishe kitu. Tunakuja kabla ya mwezi huu kwisha, na kama bahari imebomoa ukingo tena, usimwambie Sifael. Niambie mimi.