Saa Tatu Zilizoangaliziana

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amenisomea hukumu. Jumamosi mjukuu wetu anaolewa, saa nne kamili asubuhi. Nikichelewa kama nilivyochelewa siku ya posa, shemeji, kaka yake, ndiye atakayemkabidhi bibi harusi. Shemeji! Suti ameshanunua. Mimi si mchelewaji. Nina saa saba za mkono za zamani, zote za kutia ufunguo, na kila moja ina rai yake. Mimi hufuata ya katikati.

Jumanne, 5 Machi
Nimefanya mageuzi. Saba nimempa fundi saa, nimerudi na tatu mpya za betri. Fundi amesema moja ingenitosha. Shahidi mmoja!

Jumatano, 6 Machi
Jambo la kutisha. Zote tatu zinasema sawasawa, hadi dakika! Nilisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja. Majibu yakifanana hivyo, watahiniwa wameangaliziana. Nimezitenganisha: moja jikoni, moja stoo, moja chini ya mto. Baada ya chakula nimezikagua. Bado! Nimemrudia fundi. Amenitazama sana, akasema, "Mzee wangu, hiyo ndiyo kazi yake." Huyu naye yumo.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji amepita kuuliza, kwa upole wa paka, kama ningependa kupumzika Jumamosi. Nimemwambia apumzike yeye. Kisha nimeisogeza saa ya jikoni mbele na ya stoo nyuma, kila moja ifikiri kwa kichwa chake. Ya chini ya mto nimeizungusha bila kutazama. Sina upendeleo.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu aliondoka alfajiri kumpamba bibi harusi. Ya katikati ilisema saa tatu na nusu. Nikatembea kwa heshima zangu, zote tatu mkononi. Kwenye mlango wa kanisa nikakuta watu wanatoka. Mjukuu wangu akainua shela. "Babu, nilikungoja hapa mlangoni mpaka wakaniambia basi." Akanishika mkono, akaziona zote tatu, akacheka huku analia.
Nilimwuliza shemeji ana saa ya aina gani. Hana saa. Alimfuata dada yake tu.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari. Kosa nimeliona: mashahidi watatu ni wachache. Kesho naenda kwa fundi kuzichukua tena zile saba. Zitakuwa kumi. Lakini kumi haina katikati.
Nitaongeza moja.