Samaki Aliyefika Akiwa Hai

Jumatatu, 4 Machi
Mdomo umeniponza tena. Mama mkwe katangaza kwamba mnunuzi wa samaki wa mgahawa wake kaacha kazi. Kabla hajamaliza kusema nikawa nimeshapiga kifua: samaki nawajua tangu utotoni! Uongo mtupu. Nimekulia kwenye duka la vitambaa. Samaki ninayemjua ni yule aliyekwisha kulala sahanini. Lakini nina miezi saba bila kazi na nimechoka kuagwa na mke wangu kila asubuhi kama mgonjwa. Naitaka kazi hii kwa udi na uvumba.

Mpinzani: shemeji, mdogo wake mke wangu, muuza barafu. Hasemi sana. Watu wasiosema sana hunitia wasiwasi. Shindano Ijumaa mchana. Kila mtu na samaki wake mmoja. Mama mkwe atawachemsha kwa maji na chumvi tu, aionje nyama.

Jumanne, 5 Machi
Sokoni. Nimesikia kwamba nyama nzuri ukiibonyeza kwa kidole hurudi juu yenyewe. Nikabonyeza. Ikarudi! Raha iliyoje. Nikambonyeza yuleyule tena, na tena, huku nikiwaeleza wapita njia. Mara ya ishirini hivi shimo likabaki. Nikatangaza kwa sauti kwamba samaki huyu kachina, kaanza kuoza. Muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua samaki au kukanda unga. Kisha akanilazimisha kumchukua. Jioni kasambaratika sufuriani, watoto wakamla kwa vijiko.

Jumatano, 6 Machi
Nimempeleleza shemeji. Nimejificha nyuma ya makasha nikamsikia akiwaagiza wavuvi: Ijumaa alfajiri, samaki wake akitoka tu majini, apigwe rungu moja la kichwa, atolewe damu, alazwe kwenye barafu. Nilicheka hadi nikagundulika. Amuue alfajiri, amlete mchana! Maiti ya saa saba nzima! Mimi wangu atafika akiwa hai. Kuna ubichi gani unaoshinda pumzi?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeazima ndoo na baiskeli. Mke wangu kaniambia kwamba samaki akihangaika sana kabla ya kufa, nyama yake huharibika. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye aliyekulia jikoni kwa mama yake. Kisha akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kulala. Wivu, nadhani.

Ijumaa, 8 Machi
Samaki wangu karuka kutoka kwenye ndoo mara tatu. Mara ya kwanza barabarani, mbele ya fundi viatu, ambaye hakunisaidia kwa sababu alikuwa amekaa chini akicheka. Mara ya tatu nilimkumbatia kifuani njia iliyobaki, akinichapa makofi ya mkia usoni. Lakini alifika hai! Nikaingia jikoni nimelowa, nimeshinda. Wa shemeji kalala kwenye barafu, kimya kama mwenyewe.

Wakachemshwa. Nyama ya shemeji nyeupe, imekaza, inaachana mapande kwa mapande. Yangu ina madoa ya damu na imelegea kama mkate ulioloweshwa. Mama mkwe alitafuna, akatazama dari, akatafuna tena. Ningependa anitukane. Badala yake akasema kwa upole: pole mkwe wangu, huyu samaki alichoka kuliko wewe.

Kazi kapewa shemeji. Akaniambia naweza kuwa namsaidia kubeba barafu, nami nitajifunza polepole. Alimaanisha kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Mpishi aliponiona nikasema vitunguu. Akasema leo havijakatwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari siku mbili. Nimekubali kosa langu, kwani mimi si mkaidi. Kosa ni ndoo. Samaki hakuumbiwa kusafiri! Barafu nimeikataa kwa heshima.

Bahati nzuri, leo baada ya chakula mama mkwe kataja kwamba anatafuta pia mtu wa kumchagulia kuku. Nimemweleza kwamba kuku nawajua tangu utotoni. Kanipa hadi Jumatano nimletee mmoja wa kuonja. Wangu hatabebwa. Nitamfunga kamba mguuni aje mwenyewe, kilomita nne, mbio, ili nyama ikaze.

Nimemweleza mke wangu mpango wote. Kaniuliza tu kama mdogo wake bado anahitaji mtu wa barafu, maana anafikiria kwenda yeye.